Mashine Nyuma ya Jiwe

Juzi fundi alifungua AC ya chumbani kwangu hapa Al Rayyan, Qatar, na ile harufu ya vumbi lililolowa ikanirudisha kwenye mlima mmoja wa theluji katika nchi ya Georgia.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alichukua likizo, tukasafiri na marafiki zake wa kanisani Mesaimeer, jijini Doha. Mimi nilizaliwa huko Doha, ambako baridi hutoka ukutani, kwa hiyo alasiri ile tulipokuwa tukipanda nilijua kuna mashine imefichwa mahali. Nilichungulia nyuma ya kila jiwe, nikitegea sikio mvumo wake.

"Anko, nani amewasha baridi hii?" nilimwuliza Anko Wekesa, mmoja wa marafiki hao.

"Mungu," alisema, akanipa chokoleti yake nzima.

Hapo shaka ikazidi. Anko Wekesa hakuwa mtu wa kugawa chokoleti. Mama naye hakunigombeza nilipovua glavu. Tulipofika juu, wale marafiki ambao kila Ijumaa, siku ya ibada kule Doha, walisukumana kuingia kwenye picha walijitenga wote, wakatuacha sisi watatu.

"Neema, tazama huku," Anko Wekesa aliniambia, simu mkononi.

Wiki mbili baadaye mimi na Mama tulirudi nyumbani Kakamega, Baba akabaki Doha, kwa sababu kazi yake mpya haikuruhusu kuishi na familia. Kila mtu pale mlimani alikuwa anajua, isipokuwa mimi.

Picha bado ninayo. Baba anamtazama Mama, Mama ananitazama mimi, nami nimegeuza shingo, natafuta mashine.