Matuta ya Iringa Nyuma ya Zizi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, na mimi hapa ni bibi wa wajukuu.

Nilikuwa bibi harusi wa wiki tatu. Nimetoka kwetu Iringa, karibu na Tosamaganga, binti wa Kihehe aliyelelewa kwenye mahindi, nikaolewa huku Igawa kwa Wasukuma wenye ng'ombe. Mambo ya mifugo nilikuwa siyajui hata kidogo, ila kuuliza nikaona haya. Si unajua, mficha uchi hazai. Nilichotaka mimi ni watu waseme mkwe huyu anajua kazi.

Mama mkwe, niliyemwita mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, akaenda msibani siku mbili. Nyuma ya zizi alikuwa na kipande amekizungushia miiba, na ndani vijani vyembamba kama nyuzi, vimetawanyika ovyo. Nikajisemea, "Hee, hata palizi hawaijui watu hawa!" Nikashika jembe. Aliporudi alikuta kipande chote kimepigwa matuta, cheupe, hakina hata jani. Nikasimama pembeni nangoja sifa.

Mayu alichuchumaa, akaokota kijani kimoja kilichonyauka. Kilikuwa kifupi kama kidole, lakini mzizi wake ulipita kiganja.

"Haya ni majani ya asili ya huku, mwanangu," akasema taratibu. "Mbegu niliokota kando ya mifereji kiangazi kizima. Mwanzoni yanashuka chini, juu yanakuja polepole. Yalikuwa ya Mabaka."

Mabaka ndiye ng'ombe wake pekee, na alikuwa na mimba. Kundi likihamia mbali kiangazi, yeye angebaki nyumbani ale pale.

Jioni baba mkwe akarudi na ng'ombe, akaona. "Nani kafanya hivi?"

Kabla sijameza mate, mayu akajibu, "Mimi."

Weee! Mzee alifoka. Akasema uzee umempanda mkewe kichwani, ameua chakula cha mifugo kwa mikono yake mwenyewe. Mayu akainama tu. Na mimi, mwanangu, nikanyamaza. Niliusonga ugali wa jioni mpaka ukawa jiwe.

Kiangazi kikaja. Mabaka akazaa, akakosa majani, maziwa yakakauka, ndama akafa. Nilipomwona mayu anamfunika yule ndama kwa kanga yake, nikashindwa. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya baba mkwe. "Baba, ni mimi niliyelima."

Hakunitazama, maana baba mkwe hamkazii macho mke wa mwanawe. "Najua," akasema. "Matuta yale ni ya kwenu Iringa. Mama mkwe wako hajawahi kulima vile. Mimi siwezi kumkaripia mkwe, nilimfokea yeye ili usikie wewe, useme. Na yeye alijua kwamba najua. Tumekungoja wote wawili tangu mvua."

Tangu mvua! Na kila asubuhi nilikuwa nawaamkia kwa heshima zote, najiona mjanja.

Majani unayoyaona nyuma ya zizi leo ni ya mbegu nilizookota mimi mwaka ule. Nilitembea mifereji yote, mgongo ukauma, na nilistahili. Mayu aliwahi kuyaona yamefika kiunoni. Hakunisimanga hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikuta jani usilolijua kwenye ardhi ya watu, weka jembe chini uulize. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, mwingine asifokewe kwa ajili yako. Mimi nilisema, ndiyo, lakini ndama hakuwa na muda wa kunisubiri nipate moyo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akushushie mizizi kabla hajakupandishia majani, na zizi lako lisikose ndama.