Hezron Apima Maji

Hezron Musyoka alijifunzia udereva kwenye malori ya Mwingi, enzi ambazo hakuna dereva aliyevuka mto kabla utingo hajatangulia kwa miguu kupima maji. Desturi hiyo imekufa. Siku hizi watu wanakanyaga mafuta tu na kumwachia Mungu.

Mvua ilipoifurisha Jeddah, alikoajiriwa kuendesha gari la familia moja, alikuwa akimrudisha madam wake nyumbani mtaa wa Nuzha kutoka sokoni Balad. Mbele yao barabara ilishuka chini ya daraja, ikapotelea majini.

"Yalla, Hezron, pita!"

"Ngoja kwanza, madam."

Alivua viatu, akaingia mwenyewe, kwa kuwa utingo hakuwapo. Honi zikalia nyuma yake. Griffins, dereva Mkenya mwenzake, akamcheka kutoka dirisha la gari lake: "Mzee, ulikuja Saudia kuoga?"

Maji yalimfika kiunoni. Akarudi.

"Mafi njia, madam, hakuna kabisa. Tugeuze."

"Usipopita, kesho unarudi kwenu!"

Hezron alijua hayo si matisho matupu. Hata hivyo aligeuza, akalipandisha gari mahali palipoinuka.

Griffins akapita kwa kasi. Katikati gari lake lilizima, likaanza kuelea.

"Usiwashe tena! Tokea dirishani!" Hezron alipiga kelele. Alifunga kamba ya kuvutia magari kwenye gari lake, akamrushia ncha, akamvuta mpaka nchi kavu.

Madam alishusha kioo polepole.

"Hezron, waambie na wale wa nyuma wageuze."

Akasimama katikati ya barabara, suruali ikichuruzika, akainua mkono. Foleni nzima ikamtii.