Ndege ya Mabomu kwenye Meza ya Bi Gundi

Saa mbili asubuhi, Bi Gundi anawasha mshumaa. Umeme upo, na jua limeshaingia dirishani, lakini mshumaa huu si wa mwanga. Anashika kijiti cha plastiki kwa ncha zote mbili, anakipitisha juu ya moto, na kinapoanza kulegea anakivuta taratibu huku na huku. Kijiti kinakonda, kinazidi kukonda, hadi kinakuwa uzi mwembamba kama unywele.

"Ukivuta kwa pupa kinakatika," anasema bila kuinua macho. "Ukichelewa kimeshapoa. Haraka haraka haina baraka, lakini polepole nayo ina hasara zake."

Uzi huo ni waya. Mezani kwake ipo ndege ya plastiki yenye mabawa ya juu na mabawa ya chini, na katikati yake zinatakiwa nyaya nyingi za kuyashikilia, kama ilivyokuwa kwenye ndege yenyewe. Ni mfano wa zile ndege kubwa za mwanzo kabisa zilizoundwa kubeba mabomu, enzi ambazo ndege ilikuwa bado mbao, kitambaa na waya. Ya kweli ilikuwa pana kuliko nyumba mbili zikipangwa. Hii imeenea karibu meza nzima, imebaki nafasi ya kikombe cha chai tu.

Hiyo ndiyo kazi ya Bi Gundi. Kiwanda hutoa boksi lenye vipande mia na kitu vilivyoshikana kwenye fremu za plastiki. Yeye huvikata, huvisugua kwa msasa, huviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi. Meli, treni, magari, ndege. Wateja wake ni maduka yanayotaka kitu cha kuvutia macho dirishani, watu wazima wenye pesa wasio na subira, na jumba la makumbusho la mji. Jina la Gundi alipewa na mshona viatu anayepanga naye karakana, na siku hizi hata risiti zake zinaandikwa hivyo.

Usicheke. Kazi hii imelipa kodi ya vyumba viwili kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwezi mzuri anamaliza mifano minne. Mwezi mbaya anamaliza mmoja, "na mwenye huo mmoja naye anakuja na nusu ya pesa na maelezo marefu."

Lakini ndege hii ya mabomu nusura imvunjie nyumba.

Nyumbani kwake wapo wawili tu, yeye na kaka yake, mwashi mstaafu ambaye majirani wanamwita Mzee Redio kwa sababu redio yake inasikika mpaka mtaa wa pili. Sikio lake la kushoto halisikii kitu. La kulia, anasema mdogo wake, linasikia linapotaka.

Bi Gundi alikuwa na miaka sita na kaka yake kumi na minne siku ndege ya vita ilipopita juu ya kijiji chao. Kaka alikuwa ametumwa maji bombani. Yeye hakutumwa, alimng'ang'ania tu akaenda naye. Mshindo uliwakuta njiani wakirudi, ukaondoka na sikio la kaka. Walipofika hapakuwa na nyumba tena. Mama yao na watoto wawili wa katikati walikuwa ndani.

"Akanibeba mgongoni," anasimulia. "Nilikuwa mkubwa wa kutembea, lakini hakunishusha. Tulilala kwenye mabanda ya watu, yeye akawa anaomba kazi ya kubeba matofali. Huyo ndiye alikuwa baba, ndiye alikuwa mama. Hata nywele alinisuka yeye. Vibaya, jamani! Watoto wa shule walinicheka mpaka nikazoea."

Anacheka mwenyewe, kisha anaacha kucheka.

Kila alipolia usiku, kaka alimwambia maneno yale yale. "Hawakutuona. Kule juu mtu haoni watu, anaona rangi tu, kijani na udongo. Wangetuona wasingeachia bomu." Naye alinyamaza akalala.

Kwa maneno hayo alilelewa. Na kwa kumheshimu aliyeyasema, Bi Gundi hakuwahi kugusa ndege ya vita tangu aanze kazi. Mteja akimletea, alimrudishia boksi lake kwa adabu na kumwelekeza kwingine.

Mwaka huu maji yalizidi unga. Maduka mawili yaliyokuwa yakimpa kazi yalifungwa, moja baada ya jingine. Hapo ndipo jumba la makumbusho lilipomletea boksi la ndege hii, kwa ajili ya maonyesho ya historia ya usafiri wa anga yanayoandaliwa kwa wanafunzi. Malipo yake yalitosha kodi ya miezi miwili. Alilipokea.

"Nilijiambia ni ya zamani mno, hata bibi yangu hakuwa amezaliwa," anasema. "Siyo ile. Nikajidanganya hivyo nikabeba boksi mpaka nyumbani."

Mzee Redio aliitazama picha ya kifuniko, ndege ikielea kwenye mawingu mazuri ya jioni. Akauliza ya nini. Akaambiwa.

"Kitu hicho kisilale humu ndani," alisema. "Kikilala, mimi nitalala kwingine."

Kisha akazima redio. "Hapo ndipo nilipoogopa," anasema Bi Gundi. "Redio ile haizimwi. Alizima siku moja tu, siku nilipougua homa ya mapafu."

Boksi likahamia karakana siku ile ile, lakini mnuno ulibaki. Shikamoo ya mdogo wake aliiitikia, chai aliinywa, basi. Begi lake lililokuwa chini ya kitanda likawekwa juu ya kitanda, na nguo zikaanza kuingia moja moja. Kuna mwashi mwenzake wa zamani anaishi mji mwingine, ana chumba kitupu, amekuwa akimwita miaka yote.

Ukimuuliza Bi Gundi aliogopa nini hasa, hatafuni maneno. "Sina mtu mwingine duniani. Akiondoka yule, nani mwingine anajua kwamba niliwahi kuwa mtoto?"

Mwandishi wa makala haya alifika karakana mara ya kwanza wiki iliyopita, akitarajia habari nyepesi ya mama mwenye kazi isiyo ya kawaida. Alimkuta fundi amekaa mikono mapajani, uso umemshuka. Mbele yake kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimeshafungwa, nusu ya kulia na nusu ya kushoto zimebanwa kwa gundi, na gundi imekauka. Pembeni, kwenye kifuniko cha boksi, walilala watu wanne wa plastiki, kila mmoja hazidi ukucha wa kidole gumba.

Walikuwa rubani na wenzake wa ndege hiyo. Walitakiwa kukaa kwenye viti vyao kabla tumbo halijafungwa, kwa sababu ndege hizi hazikuwa na paa juu ya mtu, ni matundu tu, na matundu yenyewe membamba. Tumbo likishafungwa, mtu wa plastiki hapiti humo. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Nimesahau watu," alisema. Kisha akajisahihisha. "Uongo. Sikusahau. Kila nikiwashika nawarudisha. Mkono ulikataa, mwishowe nikafunga bila wao."

Hapakuwa na njia ila kupasua upya kwenye mshono kwa msumeno mwembamba, pole pole, plastiki isipasuke. Alipasua. Alipotaka kulainisha kingo akagundua miwani ya karibu ameisahau nyumbani. Akampigia simu jirani, amwombe mtoto yeyote ailete.

Aliyeileta ni Mzee Redio.

"Miwani yako," alisema, akageuka aondoke. Mshona viatu akamsalimia kwa sauti kubwa, kama anavyosalimiwa kila mahali, na katika kuitikia ndipo alipoiona meza. Ndege imepasuliwa tumbo. Watu wanne wamelala chali.

"Hawa nani?"

"Ndio wenyewe, Kaka. Wa ndani."

Alimchukua mmoja kwa vidole vilivyokakamaa kwa saruji. Mtu huyo alichongwa akiwa ameinama, mkono mmoja umeshika ukingo.

"Huyu anakaa wapi?"

"Mbele kabisa, puani. Ndiye anayeangalia shabaha."

"Hapo mbele kuna kioo?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Upepo tu. Anatoa kichwa nje, anatazama chini."

Mzee akamgeuzia sikio la kulia. "Sema tena."

"Anatazama chini, Kaka. Lazima atazame."

Mzee akatafuta pa kukaa. Mshona viatu akamsogezea kigoda chake mwenyewe, kisha akatoka nje bila kuambiwa.

"Kwa hiyo anaona."

"Hii ni ya zamani, Kaka. Ile yetu ilikuwa mashine nyingine."

"Mashine nyingine. Mtu ni huyu huyu. Anaona nyumba?"

"Nyumba anaona."

"Na nguo zilizoanikwa?"

Bi Gundi aliinamisha macho kwa wale watatu waliobaki kifunikoni.

"Basi nilikudanganya," alisema Mzee. "Miaka yote hii."

"Hukunidanganya. Ulinilaza."

"Na mimi mwenyewe niliamini, unajua? Nisingeamini ningekulea vipi?"

Akalia. Alilia kama wanavyolia wanaume waliochelewa kulia, bila kujifuta, yule mtu mdogo bado amembana vidoleni. Mdogo wake akapiga magoti mbele yake, akamshika magoti, naye akalia. Mwandishi hakujua aangalie wapi. Aliangalia viatu vya watu vilivyopangwa ukutani vikisubiri soli.

Walipotulia, Mzee aliuliza jambo moja. "Na chini mtaweka nini?"

"Chini ya nini?"

"Ya ndege. Chini kuna nini?"

"Hakuna kitu, Kaka. Itaning'inizwa darini kwa uzi."

"Yaani mtoto wa watu aje kutoka shuleni, aone ndege tu? Aseme, lo, ndege nzuri, arudi kwao?"

Alimrudisha yule mtu mdogo kwenye kifuniko, lakini akamchukua mwenzake. Akamwomba mdogo wake amwazime mpaka kesho. Fundi hajengi bila kipimo, alisema, naye alitaka kujua mtu ana urefu gani.

Tangu siku ile Mzee Redio anakuja karakana kila asubuhi na redio yake kwapani, na mshona viatu ameanza kulalamika. Amechukua kona. Anakata maboksi ya viatu, anapaka chokaa, anachora tofali moja moja kwa sindano. Nyumba, zizi, bomba la maji, njia ya miguu. Mdogo wake akimwambia ukuta umeinama, anajibu kwamba yeye amejenga maghala ya tani elfu na ukuta wake haujainama hata akiwa na homa. Begi limerudi chini ya kitanda.

Ndege nayo imewapata watu wake. Bi Gundi aliwapaka rangi nyuso zao mwenyewe, macho na kila kitu, ingawa mtazamaji aliye chini hatayaona.

Jana mkuu wa makumbusho alifika kuangalia kazi. Ni mama mpole, alisimama muda mrefu akitazama juu ya meza na kwenye kona.

"Mimi niliagiza ndege," alisema.

"Ndege hiyo hapo."

"Na hiki kijiji?"

"Kijiji ndicho kilichokuwa chini yake," alijibu Bi Gundi. "Vinakwenda pamoja."

Mkuu alieleza wasiwasi wake, na haukuwa wa kipuuzi. Nafasi ni ndogo. Watoto wengine ni wa darasa la pili, wanaweza kuogopa. Aliomba siku chache azungumze na wenzake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Na wakikataa? Bi Gundi anauzima mshumaa kwa vidole viwili kabla ya kujibu.

"Ndege itabaki hapa, na pesa yao ya awali nitairudisha kidogo kidogo. Kodi tutahangaika nayo, hatujaanza leo kuhangaika. Lakini natumaini watakubali. Nataka mtoto asimame pale katikati, aangalie juu, halafu aangalie chini. Basi. Simwambii neno. Na siku hiyo nataka Kaka awe amesimama pembeni yangu, amevaa koti lake."

Kwenye kona, Kaka anajifanya hasikii. Ameshamaliza paa la nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na njia ya bomba, na sasa anashughulika na mlango. Ni kipande cha kadi kisichozidi ukucha. Anakipaka gundi ubavuni, anakibandika, anakishikilia kwa ncha ya kisu.

Mdogo wake anainama kutazama. "Umekaa upande, Kaka. Subiri nikushikie, tuufunge vizuri kabla gundi haijakauka."

Mzee Redio anausogeza mkono wake kando, kwa upole.

"Uache wazi hivyo hivyo," anasema. "Wapate kutoka."