Nilimwandika Mama Yangu Mtoro wa Jumuiya, Akazikwa Bila Padre

Admin, sijui nikuamkie au nisubiri uniamkie, maana umri wako hatuujui. Jina langu nifichie, na kijiji pia. Sema tu ni huku Ulyankulu, Tabora.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mwaka wa tisa huu ni katibu wa jumuiya yetu ndogo, na nisidanganye, kazi hiyo nilikuwa naipenda. Kwa msiojua, jumuiya ni majirani tunaokutana kila Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Tunasoma Injili, tunasali, halafu katibu anaita majina kwenye daftari. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzikwa na padre, barua inaanzia kwetu.

Kuna kipindi watu walizidisha utoro. Wengine tulikuwa tunawaona kwenye misiba tu, wanakuja kula. Mimi ndiye niliyesimama nikasema tuweke sheria: atakayekosa miezi mitatu bila taarifa, hatumwandikii barua. Wakanipigia makofi. Wa kwanza kukumbwa na sheria hiyo alikuwa mume wa jirani yangu, nimwite Mama Veronika. Yule mzee alikuwa mtu wa pombe, jumuiya haji. Alipofariki, mkewe alikuja kunipigia magoti uani kwangu. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha tarehe moja moja kwa kidole. Mzee akazikwa bila padre. Usiku ule nililala vizuri kabisa, nikijiona nimesimamia haki. Mungu anisamehe.

Mwaka jana mama yangu mzazi naye akaacha kuja. Alikuwa anakaa kwake, jirani na kwangu, na alikuwa mzima, kila siku yuko peke yake shambani kwake na jembe, anapalilia karanga. Nikimuuliza ananijibu, "Nimechoka kukaakaa, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kirundi chetu cha nyumbani. Siku moja nikamwambia, "Mama, watu watasema katibu anampendelea mama yake. Nitakuandika mtoro." Akacheka kidogo. "Andika, mwanangu. Wewe andika ulichokiona." Nikaandika, wiki kumi na nne mfululizo.

Alianguka shambani asubuhi moja, akafa kabla hatujapata gari. Kumwosha tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu, mke wa kaka. Tulipomfungua nguo tukakuta amejifunga vitambaa, vipande vya khanga zake za zamani vimekunjwa kama nepi za mtoto. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo yenye vingine, vimefuliwa vikatakata. Mkojo ulikuwa haumkai. Ndiyo maana alikimbia jumuiya, huko tunabanana kwenye mikeka na makochi ya watu. Alikuwa anaogopa kulowesha kwa wenzake, na mimi mwanaye wa kike hakuniambia. Nilimuuliza kama katibu, atanijibuje kama mama? Baadaye nesi mmoja wa hospitali ya Kitete aliniambia tatizo lile mara nyingi linatibika. Bora asingeniambia.

Wifi alinishika mkono pale pale. "Wifi, hili tunalizika naye." Nikaapa.

Mwenyekiti alipokuja msibani na wanajumuiya, alifungua daftari, akaniangalia. "Katibu, mwandiko ni wako." Nikasema mama alikuwa anaumwa. Mama Veronika akasimama. "Mgonjwa gani tunamwona analima kila siku? Wagonjwa si huwa wanatoa taarifa, wanapelekewa komunyo nyumbani? Kama aliumwa, tuambie aliumwa nini, barua itoke. Au mkuki kwa nguruwe?" Hakupaza sauti hata kidogo. Nikafungua mdomo, wifi akanibana mkono, nikaufunga. Mama akazikwa na Baba Yetu tuliyoianzisha wenyewe, katekista hakutokea.

Nilimfuata padre. Akasema yuko tayari kuja kubariki kaburi na kumsomea misa, ila nieleze sababu mbele ya jumuiya, wakubali, waandike. Nikamwomba nimweleze yeye peke yake. Akaniambia kwa upole, "Mama, sheria mliitunga wenyewe. Nikiwaruka, yule mjane nitamwambia nini?" Nikamwomba mwenyekiti sheria ifutwe kwa wote, na mume wa Mama Veronika asomewe misa pia. Akasema ikifutwa leo, kila mtu atajua imefutwa kwa ajili ya mama wa katibu. Nikaenda kwa Mama Veronika mwenyewe, nikapiga magoti kama alivyonipigia yeye. "Nimekusamehe siku nyingi," akasema, "lakini sababu utaisema."

Kaka yangu hatujamwambia ni nini, ila anataka niseme. "Mama yuko kule anasubiri sala, wewe unaona aibu?" Wifi anasema nikitamka tu, kijiji hakitamkumbuka mama kwa lingine lolote, si kwa watoto aliowalea, si kwa miaka aliyofagia kanisa. Wote wawili naona wana haki. Nyumbani hatuli tena pamoja, na mimi rozari nikiishika inaishia kwenye fumbo la kwanza, maneno hayatoki.

Jumamosi hii jumuiya wamenipa nafasi ya mwisho ya kujieleza. Nikisema, nimemvua mama yangu nguo mbele ya watu aliowaficha mpaka kufa. Nikinyamaza, atalala pale milele kama mtoro, kwa mwandiko wangu mimi. Msiniambie nimwachie Mungu, kwa sababu hata kwake nimeshindwa kusema. Mlio na mama, na mliokwisha kuwazika, nishaurini: ningekuwa binti yenu, mngetaka niwafanyie lipi?