Fundi Aliyeona Unywele Asione Stuli

Fundi saa alikuwa na kanuni moja aliyoishika kwa miaka thelathini na moja: hakutaja ubovu wa saa kabla hajaifungua. Mteja angekuja na maelezo yake yote, mara saa imeingia maji, mara mtoto kaiangusha, mara fundi wa mtaa wa pili kaichokonoa, naye angemsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha angenyoosha kiganja.

"Ilete, iseme yenyewe."

Aliwahi kuletewa saa iliyookotwa jalalani, kasha limeliwa na kutu, akakuta ndani mashine nzima isiyo na kosa ila uchafu. Aliwahi pia kuletewa saa inayong'aa ya mkubwa mmoja wa ofisini, akakuta ndani vyuma vya kubahatisha. Hakudanganywa na kasha. Msomaji alishike hilo mapema, maana maisha ya mtu huyu yaligeuka mahali alipoiacha kanuni yake mara moja tu, na hakuiacha kwa saa.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja na meza iliyozungushiwa ukingo wa mbao ili skrubu zisidondoke. Upande wa kushoto wa kiti kulikuwa na stuli ya wateja. Ukutani zilining'inia saa tisa, kila moja ikisema lake. Alifanya kazi na lenzi ndogo aliyoibana kwenye jicho la kulia, na kwa lenzi hiyo alikuwa bingwa. Aliweza kunyoosha springi nyembamba kama unywele, kwa kibano, bila kuishtua.

Kila asubuhi, kabla ya kuvuta droo, aliweka viganja viwili mezani akaomba. Ombi lenyewe lilikuwa fupi, na mkewe alilijua kwa moyo: "Mungu wangu, nilindie macho haya. Mengine nitajitafutia." Hakuomba ovyo. Baba yake alimaliza miaka yake ya mwisho akitembea kwa kupapasa kuta, na watu walisema ni uzee. Fundi saa hakuogopa umaskini wala kufa. Aliogopa kuta zile.

Sasa likaja jambo la ajabu. Mtu huyu aliyeona unywele alianza kugonga stuli.

"Nani kaisogeza hii?" aliuliza, akijisugua muundi.

"Nani aisogeze?" mkewe akajibu. "Stuli ipo hapo tangu uninunulie viatu vya harusi."

Kisha watu wakaanza kunung'unika kwamba amekuwa na maringo. Ukimpita upande wa kulia anakuitikia vizuri, ukimpita upande wa kushoto anakaa kimya kama hajui umezaliwa. Kinyozi wa chumba cha jirani, mtu wa mizaha asiyejulikana kwa kuomba wala kufunga, alisema fundi amepandisha bei ya salamu. Fundi alicheka. Hakujiuliza lolote, na hapo ndipo ninaposhangaa, kwa sababu saa ikipoteza dakika mbili kwa siku hakuwa akilala mpaka ajue zimekwenda wapi.

Siku moja mchana akaja shemeji yake, mdogo wa mkewe, mikononi ana saa ya kubandika kifuani, ile wanayovaa wauguzi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Alifika huko kwa kuchelewa, baada ya kufeli mara mbili na kurudia masomo akiwa mtu mzima. Lakini fundi hakuwahi kumwita muuguzi. Alimwita Sabuni.

Jina lilikuwa na asili yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuja kukaa kwa dada yake likizo, akaikuta saa ya shemeji imechafuka. Kwa nia njema kabisa akaitia kwenye beseni, akaisugua kwa sabuni na brashi ya viatu, akaianika kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Fundi aliisimulia hadithi hiyo kwenye kila kikao cha familia, na kila mwaka povu liliongezeka.

"Karibu, Sabuni. Hii nayo umeiosha?"

"Safari hii nimeiangusha tu, shemeji. Nakua."

Akaifungua mbele yake, akabana lenzi, na katika nusu saa ikaanza kwenda. Sabuni alimsifu kwa dhati. Mkewe akaleta chai, akaweka kikombe cha fundi upande wa kushoto, karibu na kiwiko. Fundi akageuka kuchukua kitambaa, kikombe kikaenda chini.

"Mke wangu, kikombe ungekiweka ninapokiona!"

"Nimekiweka mbele ya macho yako."

Sabuni hakucheka. Alivuta stuli, akaketi uso kwa uso na shemeji yake. "Fumba jicho la kulia. Niangalie puani, usigeuze jicho. Ukiona vidole vyangu, sema."

"Haya, puani. Pua ni ya familia."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na shati lake lenye nywele za watu. Fundi akangoja.

"Mbona huanzi?" fundi akauliza.

"Nimeshaanza zamani, shemeji. Vidole vinacheza huku."

Kinyozi alivutwa na jambo hilo, akatoa macho. Fundi yeye alikunja uso kama mtu aliyechezewa kiinimacho. Akaichukua ile saa ya kifuani, akageuza mgongo wa mashine. "Soma hapo."

"Wapi?"

"Hapo pana tarakimu sita. Soma."

Sabuni alisogeza karibu, akasogeza mbali. "Sioni kitu."

Fundi akazisoma zote sita bila kusita. "Sasa, kati yetu, kipofu nani?"

Kinyozi akapiga makofi, hata mkewe akacheka. Sabuni alisubiri kicheko kiishe.

"Shemeji, katikati unaona kuliko sisi sote. Ugonjwa ninaousema hauanzii katikati. Presha ya macho hula pembeni, taratibu, haiumi, na mtu hajui. Baba yenu aliondoka haoni. Njoo kliniki kesho. Kupima ni dakika kumi, na kama ipo, kuna matone ya kutia kila siku. Kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki kinalindwa."

Alitumia neno lile lile la ombi la asubuhi. Mkewe alilisikia, akaacha kufuta chai sakafuni. Fundi hakulisikia.

"Kesho nina kazi," akasema. "Na wewe ukimaliza kuosha macho ya watu, uyaanike vizuri."

Jioni ile, wakila, mkewe alilirudia.

"Kila siku unaomba macho yako yalindwe. Leo mtu kaja hadi mezani kwako, hujamwita, kasema anajua kunakolindiwa macho. Unajuaje kama si jibu?"

"Mungu akitaka kuniambia jambo zito, hatamtuma Sabuni."

"Angemtuma nani?"

Fundi alitafuna kwanza. Alikuwa na picha kichwani, tena ya miaka mingi: daktari mzee mwenye mvi, au utulivu fulani ungemshukia wakati wa kuomba akajua yuko salama. "Mtu wa maana," akasema.

"Basi mpe Mungu orodha, asije akakosea."

Fundi akaendelea kula. Maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Wapo watu wanaodhani kutoamini ni kusema hakuna Mungu. Fundi saa hakukosa ombi hata asubuhi moja. Alichokosa ni kukubali kwamba anayeombwa ana haki ya kuchagua mjumbe. Aliomba huku ameshaandika jibu, na jibu lilipokuja na sura nyingine alilirudisha mlangoni. Huko nako ni kutoamini, na kwa maoni yangu ndiko kubaya zaidi, kwa sababu mwenye nako hajijui.

Sabuni hakukata tamaa haraka. Baada ya mwezi alileta kadi ya kliniki imeandikwa siku na chumba, akaichomeka kwenye ukingo wa meza. Fundi aliifanya kizibo cha dirisha lililokuwa likigongagonga kwa upepo. Mara ya tatu alikuja na maneno machache zaidi.

"Shemeji, wewe hutaji ubovu kabla hujafungua. Mimi mbona hujanifungua?"

"Wewe nilishakufungua una miaka kumi na miwili."

"Na hujanifunga tena hadi leo," akasema, akachukua mkoba wake. Hakusema habari za macho tena.

Aliyekwenda kliniki ni kinyozi. Hakwenda kwa imani kubwa, alikwenda kwa udadisi. Vile vidole visivyoonekana vilimkaa kichwani. Alitaka kujua kama na yeye vinaweza kumpotea. Alipimwa, akakutwa na presha ya macho iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, akapewa chupa ndogo ya matone. Alirudi akaisimamisha kwenye rafu yake, kati ya poda na mkasi.

"Fundi," alisema, "shemeji yako ana mkono mwepesi. Nenda, bwana. Hata mimi nimekwenda, na unajua nisivyo na subira."

"Wewe wanakuuzia maji ya chumvi."

"Huenda. Lakini walinipima kwanza."

Ikapita miaka mitatu kasoro mwezi. Binti yao wa pekee alikuja kuwatembelea na mtoto wa miezi tisa, mtambaaji asiyekaa mahali. Asubuhi moja fundi aliinuka kitini kwenda kufungua dirisha. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni kando ya stuli, akichezea mkanda wa saa. Babu alikanyaga vidole vyake. Mtoto alipiga yowe, fundi akaruka nyuma akaangusha meza, skrubu za miaka zikamwagika. Havikuvunjika, vidole vile vidogo, vilivimba tu. Lakini mke wake alimwangalia kwa namna ambayo hakuwahi kumwangalia.

"Alikuwa pale nusu saa nzima," alisema. "Alikuwa akikuita."

Walipotoka na mtoto, fundi aliinua meza. Halafu akafanya alichopaswa kufanya tangu siku ya kikombe. Alichukua saa kumi na mbili za mkono, akazipanga mezani kwa duara pana, na katikati akaweka ya kumi na tatu. Akaiinamia meza, akafumba jicho la kushoto, akakaza jicho la kulia kwenye ile ya katikati bila kulihamisha, akazihesabu.

Aliona nne.

Hapakuwa na giza mahali pa zile nyingine. Hilo ndilo lililomshangaza, na alilisimulia baadaye mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeeleza mashine asiyoielewa. Alitarajia kivuli, au ukungu, au pazia. Palikuwa pameendelea tu kuwa meza, mbao tupu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuweka saa pale. Kisha akafumba la kulia, akajaribu la kushoto. Hata ile ya katikati hakuiona sawasawa.

Alichomoa kadi dirishani. Ilikuwa imefifia kwa jua, lakini namba ya chumba ilisomeka. Akavaa koti, akapita kwa kinyozi.

"Nishike mkono," akasema. "Nataka kwenda kwa Sabuni."

Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa.

Sabuni ndiye aliyempima. Hakusema nilikwambia, na hakuitaja ile kadi iliyokunjamana mkononi mwa shemeji yake. Alimshika kidevu, akamwelekeza, akaandika tarakimu, akaziangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Daktari aliyekuja baadaye alikuwa kijana asiye na unywele mmoja mweupe. Alieleza kama Sabuni alivyoeleza kwenye stuli miaka mitatu nyuma, karibu neno kwa neno.

"Daktari," fundi aliuliza, "ningekuja siku ile aliyonipima kwa vidole?"

"Kwa alivyoeleza muuguzi, siku ile ulikuwa umepoteza ukingo wa jicho la kushoto, na la kulia huenda likiwa linaanza tu. Tungeanza matone hapo. Watu wengi wanaoanza hapo hufanya kazi zao hadi wanastaafu."

Fundi aligeuza kichwa chote kumtafuta shemeji yake, kwa sababu hakuweza tena kumtafuta kwa jicho peke yake. Hakumwita Sabuni.

"Muuguzi," akasema, "nifundishe kutia hayo matone."

"Angalia juu, shemeji," akajibu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama kinyozi alivyosema.

Bado anaomba kila asubuhi, viganja mezani, na ombi ni lile lile, ila amekiondoa kile kipande cha kujitafutia mengine. Matone yanalinda kilichobaki. Kilichobaki kinatosha kubadilisha mkanda na betri kwa kupapasa, na kuuona uso wa mjukuu akiletwa mbele kabisa. Hakitoshi kwa springi. Zana zake aliziuza kwa fundi wa mtaa wa pili.

Kuikataa sauti ya shemeji yake kulimgharimu jicho la kushoto lote, zaidi ya nusu ya jicho la kulia, na kazi ya miaka thelathini na moja. Kupimwa kungemgharimu dakika kumi.