Koti Nililolivaa Dukani

Mpaka leo nikipita karibu na duka la mitumba la kanisa hapa Runazi, natembea nimeinamisha kichwa. Faida ya duka hilo huwanunulia sabuni na chumvi wazee wasio na watu, na sisi wanafunzi tulikuwa tukilikusanyia nguo. Tulitangaza kanisani kwamba mwenye nguo za kutoa aziweke nje ya mlango, tutazipitia Jumamosi.

Kwenye nyumba moja tulikuta koti jeusi limefuliwa vizuri, limewekwa juu ya kiti nje ya mlango. Uani kulikuwa na majivu ya moto mkubwa. Sikujiuliza.

“Tupige hodi kwanza,” mwenzangu Neema alisema.

“Ya nini? Si tumeshatangaza? Kilicho nje ni chetu,” nikamjibu, mimi mwenyekiti wa kampeni.

Hodi moja tu ingeniokoa.

Jioni ile dukani nikalivaa mwenyewe, nikawa najizungusha mbele ya wateja kama bwana harusi. “Tazameni! Koti la mtu mzito!”

Mama mmoja aliyenyolewa kichwa akapenya hadi mbele.

“Shikamoo, mama. Karibu koti.”

Alishika mkono wa lile koti, akaupapasa taratibu.

“La marehemu mume wangu hili,” alisema. “Nililitoa nje lipate jua. Kesho tunaanua matanga, mwanangu mkubwa avishwe mbele ya ukoo, ashike nafasi ya baba yake.”

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

“Kumbe umemtangulia wewe.”