Siku Baba Alipokata Ua wa Bi Zuwena

Nilipokuwa mdogo, tukikaa Mwanakwerekwe, baina yetu na jirani yetu Bi Zuwena, mjane, palikuwa na ua wa miti ya minyaa ulioachwa mpaka ukawa kichaka. Matawi yalilalia bati la jiko letu, na utomvu wake uliwahi kumwingia jichoni mdogo wangu Salum. Kila baba alipokwenda kulalamika, mjane yule alimjibu kwa upole, "Nistahamilie kidogo, mwanangu." Ua ukazidi kunenepa.

Sisi watoto tuliogopa sauti. Alasiri mtu alikuwa akivuma mle ndani, wimbo usio na maneno. Bi Zuwena tulijua anaishi peke yake; bintiye Sabra, tuliambiwa, yuko Pemba kwa jamaa. Bibi yangu alisema lile ni jini, wala hakuwa akitania. Tukitumwa dukani, tulipita pale mbio tukisoma Kulhuwallahu.

Siku moja baba alirudi kutoka kazini akamkuta Salum ana homa kali. Alisema ni mbu wa kile kichaka, na subira ikamwishia. Akachukua panga.

"Usiukate, Hamadi," bibi alimsihi. "Mle mna wenyewe. Ukiwafunua hutapenda utakachokiona."

"Basi leo watahama!"

Majirani wakaja kutazama. Minyaa ikaanguka, maziwa yake yakichuruzika, hadi pakatokea uwazi. Ndani, juu ya mkeka, alikaa msichana mkubwa mwenye miguu myembamba isiyomchukua, hana nguo ila kanga iliyolowa mapajani. Bi Zuwena alikuwa akimkosha. Alikuwa Sabra. Aliacha kuvuma, akatutazama.

Bi Zuwena hakupiga kelele. Alimkinga mwanawe kwa mwili wake, akasema, "Hamadi, stara yetu ilikuwa hiyo."

Baba aliangusha panga, akageuza uso. Mama alivua kanga ya mabegani, akayaruka matawi kwenda kumfunika Sabra. Mimi nilibaki kutazama mpaka bibi aliponivuta mkono.

Asubuhi yake, baba akiwa anasimamisha makuti mpakani, nilikutana na Bi Zuwena njiani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Salum ameamkaje?"

Nilimwambia homa imepungua, nikaenda zangu.

Baba hakuizungumza siku ile mpaka alipofariki. Zamani nikidhani aibu yetu ilikuwa ni kumfunua msichana wa watu. Sasa nnaona ilianza kabla ya panga. Mara zote tulizobisha mlango wa Bi Zuwena, tulikwenda kudai ua ukatwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza yeye ameamkaje.